Msalaba wa Babu

Babu yangu alikuwa seremala hapa Kasumulu, na kwa miaka mingi ndiye aliyechonga misalaba ya makaburi ya mtaa wetu. Yeye mwenyewe alizikwa bila msalaba.

Sababu ni moja: wake wawili. Alipomwoa bibi mdogo, kanisa lilimtenga na meza ya Bwana. Jumapili alikaa benchi la nyuma, akaimba nyimbo zote, na wenzake walipokwenda mbele kushiriki, yeye akatoka nje kimya kimya. Lakini mtu akifa, wazee wa kanisa walewale walikuja kumgongea usiku. "Fundi, tusaidie msalaba, mazishi kesho." Anaamka, anachonga. Wa mtoto hakuutoza hela.

Alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Mchungaji hakuja, na tukaambiwa msalaba usiwekwe. Karakanani kulikuwa na mmoja umeegemea ukuta, umekamilika, haujaandikwa jina. Mwezi haukuisha wazee wakaja kuuomba kwa ajili ya marehemu mwingine. Bibi akawapa. Nilimkasirikia kwa miaka.

Pasaka iliyopita nilirudi nyumbani na hela ya saruji na vigae. Nimeshakuwa mwandishi wa habari, nikajiona nakwenda kusahihisha kosa la kihistoria. Wazee wale wenyewe wameshakufa, hakuna wa kunizuia.

Njiani nilikumbuka hadithi aliyoipenda babu. Ng'ambo ya Mto Songwe, kwa Wangonde wa Karonga, mtawala wao, Kyungu, zamani hakuachwa afe kwa ugonjwa. Akianza kuumwa, wakuu wake walimziba pumzi, maana mwili wake ukidhoofika, nchi nayo itadhoofika. Watafiti Godfrey na Monica Wilson waliyaandika hayo baada ya kukaa huku miaka ya 1930. Babu aliyasikia jikoni kwa mama yake. Alisema wamisionari wa Kijerumani walipofika Unyakyusa mwaka 1891 wakihubiri habari za mmoja aliyekufa kwa ajili ya wengi, wazee hawakushangaa hapo. Walishangaa kuambiwa kwamba baada ya huyo hadaiwi mwingine. Kyungu akifa, anatafutwa Kyungu mwingine, na deni linaanza upya. Msalaba, kwa babu, ulikuwa kama risiti ya ushuru pale mpakani. Mzigo umelipiwa, pita.

Basi hoja yangu nilikuwa nayo tayari. Yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu hakupita darasa la ubatizo, wala hakupata muda wa kurudisha alichoiba, na bado aliahidiwa peponi. Kwa nini babu anyimwe vipande viwili vya mbao?

Ijumaa Kuu mvua ilinyesha kutwa, kama kawaida ya Kyela. Nilimweleza bibi hayo yote jikoni, akipepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mjukuu wangu," akasema, "unawasema wazee wa kanisa. Wao aliwakosea nini? Aliyekosewa ni mimi."

Nikanyamaza. Miaka yote hiyo nilikuwa nimepigania haki ya babu, na sijawahi kumuuliza bibi hata swali moja.

Akasema babu alipozidiwa alimwita, akamwomba msamaha. Hakumjibu siku ile. Alijibu siku ya tatu. "Kusamehe si maneno. Machozi ya miaka ile nilitakiwa niyabebe mwenyewe, nisimdai tena. Ndiyo nikaelewa kidogo Bwana alifanya nini pale juu."

Hapo risiti ya babu ikabadilika sura mbele yangu. Nilikuwa nimeisoma kwa upande wa anayepita tu. Kumbe kila iliyoandikwa "imelipwa" kuna mtu mfuko wake umetoboka. Wokovu ni bure kwa anayeupokea. Kwa aliyeutoa haukuwa bure hata kidogo. Na kanisa lililomnyima babu msalaba, na mimi niliyetaka kumjengea wa vigae, wote tulikuwa tunaugeuza kuwa cheti cha tabia njema.

"Kwa hiyo nisiweke?" nikauliza.

"Weka," akasema. "Wa mbao, kama aliokuwa akichonga. Ila usiandike alikuwa mtu mwema. Andika jina lake tu."

Jumamosi nilikwenda kutafuta mbao.