Manjano ya chungu na manjano ya kopo

Mwezi huu sisi akina mama tuliozoea kuuguza hospitali tumeona tuongee juu ya manjano.

Manjano tunayapika tangu kwa mama zetu, na hayana neno. Shida ni vidonge. Ndugu zetu waliokwenda Marekani wanatutumia makopo, na mgonjwa akizidiwa, mtu anakumbuka kopo: “Tumpe hata kimoja, kitamrudishia nguvu.” Tunamwelewa. Mgonjwa hasemi wala hali, na wewe umekaa mikono mitupu.

Lakini tujue kwanza mwili wake unafanya nini. Homoni ni wajumbe, zinapita katika damu kupeleka habari. Mtu akiwa mahututi, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga kotisoli kwa wingi. Sukari inapanda, hata kwa yule asiye na kisukari, na insulini yake inashindwa kuishusha. Homoni ya tezi iliyo shingoni nayo inashuka. Ndiyo maana wauguzi wanamtoboa kidole kila mara, na dawa wanampimia kwa uangalifu.

Sasa, kidonge si kijiko cha mchuzi. Unga wa manjano una kukumini kama asilimia 3 tu. Kidonge kimekusanya kukumini yenyewe, na mara nyingi kimetiwa nguvu ya pilipili manga. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba nguvu hiyo inaingiza kukumini katika damu mara 20 zaidi. Kumbe inaweza kuzidisha na dawa nyingine, kama fenitoini ya kifafa. Kukumini inaweza pia kushusha sukari. Ikikutana na insulini ya sindano, sukari inaweza kuanguka, na aliyezimia hawezi kusema “nasikia kizunguzungu”. Mwaka 2018 New Zealand ilitangaza habari ya mgonjwa wa wafarini aliyeanza dawa ya manjano, damu yake ikakawia mno kuganda.

Na kwamba vidonge hivi vinatengeneza homoni za mahututi na kumwokoa, hilo halijathibitishwa.

Basi usifiche kopo chini ya kitenge. Mwonyeshe muuguzi: “Dada, hiki ndicho alikuwa anakunywa nyumbani.” Hata kama ni wiki iliyopita, sema. Halafu muulize mikono yako ifanye nini: kumgeuza, kumpangusa, kumlowesha midomo. Na umwite kwa jina lake, usali. Kazi ipo, wapendwa.

Tuonane mwezi ujao.