Kwa Salim, Kuhusu Soko la Utabiri

Mwanangu Salim,

Unaniambia huko Ohio hubeti, unanunua mikataba kwenye soko la utabiri la Kalshi. Shangazi yako alikaa dirisha la benki mpaka akastaafu, kwa hiyo nimeisoma biashara hiyo hadi nikaielewa.

Tuseme timu yenu inacheza Jumamosi na mkataba wa "ndiyo" ni senti 62. Ukinunua 10 unatoa dola 6.20. Wakishinda, kila mkataba unalipwa dola 1, wakifungwa, umeliwa. Unaweza pia kuuza wakati wa mapumziko kwa bei ya saa hiyo. Lakini zile senti 38 za kutimiza dola hazitoki kwa Kalshi. Zimetolewa na mtu aliyenunua "hapana", anayeamini kwamba wewe ndiye uliyepotea. Kampuni haijali nani anafunga. Inakata ada yake, na ada huwa nzito zaidi bei ikikaribia senti 50, pale mchezo usipotabirika.

Sasa, bei ya 62 maana yake waliotia pesa wanaona mchezo kama huo ukichezwa mara 100, mtashinda kama 62. Ili ufaidike, haitoshi kujua timu iliyo bora, sharti ujue kwamba wenzako wamekadiria vibaya. Na miongoni mwa wenzako wamo wafanyabiashara wa kampuni ya Susquehanna, wenye kompyuta na wanahisabati wanaolipwa kwa kazi hiyo tu. Wewe una simu na mapenzi ya timu. Wala usidanganywe na mikataba ya senti 97 "isiyopotea": unahatarisha 97 kutafuta 3. Machi 2023, kwenye mashindano ya kikapu ya vyuo, Purdue, waliopangwa nambari 1, walitolewa na Fairleigh Dickinson wa nambari 16, pointi zikiwa 63 kwa 58.

Hayo ni ya hesabu, na hasara ya hesabu huzibika. Kilichoninyima usingizi ni pale ulipoandika, kama mzaha, kwamba kwa kuwa unafua taulo za timu ya kikapu ya chuo, wewe ndiye wa kwanza kujua nani anachechemea mazoezini. Salim, habari hiyo ndiyo bidhaa ghali kuliko zote katika soko hilo, na si yako. NCAA, chama cha michezo ya vyuo, inawakataza wachezaji na watumishi wa idara za michezo kubeti michezo inayoisimamia, na pia kuwapa habari wanaobeti. Najua utanijibu kwamba Kalshi inasimamiwa na CFTC, tume ya serikali kuu, na kwamba unaruhusiwa ukiwa na miaka 18. Nevada na New Jersey zimebishana nayo mahakamani kwa hilo hilo; waachie mawakili. Kazi yako ya taulo haiko chini ya CFTC.

Na yule rafiki wa chumba cha pili anayekuuliza kila Ijumaa habari za goti la mtu, yeye si daktari. Mwenye goti ndiye atakayetukanwa kwenye simu yake na watu asiowajua, akikosa vikapu viwili.

Usinunue wala usiuze tena. Chuo chenu kina ofisi ya kanuni za michezo. Nenda Jumatatu, kabla hujaitwa, ueleze ulichonunua na uliyemwambia. Baba yako sijamwambia. Nasubiri kwanza unijibu kwamba umekwenda.

Shangazi yako