Nilibonyeza "Kubali", Mama Mkwe Akapata Meseji

Novemba 2022 wabunge walipokuwa Dodoma wakijadili Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mimi nilibadilisha chaneli. Nilitaka tamthilia yangu. Wabunge wakaipitisha, na Mei 1, 2023 ikaanza kutumika. Mimi wala sina habari!

Mwaka uliofuata nikakwama. Hela ya ada aliyoniachia mume wangu niliitumbukiza kwenye biashara ya vitenge, ikabuma. Kumwambia nikaona aibu. Nikapakua programu ya mikopo kwenye simu. Ikaomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote nilizohifadhi. Nikabonyeza "kubali" huku nawaza ada tu.

Nilichelewa kulipa siku nne. Asubuhi simu ikaita, mama mkwe kutoka Muheza.

"Mwanangu, kuna watu wamenitumia meseji, wanasema wewe tapeli na mimi ndiye mdhamini wako. Nimedhamini nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Hadi jioni meseji ilishafika kwa wifi, kwa fundi cherehani, kwa mwalimu wa mtoto na kwa mume wangu.

Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mke wangu, mtu baki anajua shida yako kabla yangu?" Bora angefoka. Usiku ule nikamwaga yote, vitenge na deni.

Yeye ndiye aliyenikumbusha ile sheria. Taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana, si kuja kumdhalilisha nazo. Ukikiukwa, unaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na Novemba 2024 Benki Kuu ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Kumbe sikuwa peke yangu.

Deni tulilipa wote wawili. Malalamiko tuliandika pamoja, tukaambatanisha na meseji alizopokea mama. Lakini Muheza nilikwenda mwenyewe kuomba radhi, maana mama yule hakukopa wala hakubonyeza chochote. Namba yake niliigawa mimi.

Shosti, simu yako imebeba siri za watu wengi kuliko zako. Kabla hujabonyeza, soma. Na kabla hujakopa kwa siri, mwambie mwenzio. Atanuna kidogo, lakini hatakutangaza kwa wakwe.