Buji za motokari ya kale

Sisi tunaotunza Ford Model T, motokari iliyotengenezwa Marekani toka 1908 hata 1927, twajua taabu ya kutafuta buji zake nne. Buji za leo zenye upana wa milimita 14 hucheza tu tunduni. Tundu lenyewe lina kipimo cha bomba la nusu inchi, na meno yake hupungua upana kwenda chini.

Basi twatafuta Champion X za zamani. Hizo hufunguka vipande viwili: twasugua masizi, twaichungua kauri. Ikiwa na ufa, cheche hutorokea pembeni, na esanzi haiwaki. Mwuzaji akisema, "Ni mpya," tuifungue kwanza. Heri kungoja buji mwezi mzima kuliko kulazimisha nyingine na kuharibu kichwa cha mashini siku moja.