Sufuria ya wakfu na ukoko wa siku tatu



Katika Qur'ani Tukufu imo sura fupi, ya 107, yenye aya 7 tu, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema madrasani. Inamalizikia kwa kuwalaumu wale wanaozuia al-maauni. Sahaba Abdullah bin Mas'ud, Allah amuwiye radhi, alieleza kwamba wao, katika zama za Mtume (s.a.w.), walikuwa wakilihesabu neno hilo kuwa ni kuazimana vitu kama ndoo na chungu cha kupikia. Sisi wa nyumba hii tulilijua neno hilo kwa sufuria kabla ya kulijua kwa tafsiri.

Sufuria yenyewe ni ya alumini, ya kupikia kilo 20 za mchele. Marehemu mama yetu aliinunua kwa fedha za alizeti, akausia kabla ya kufariki kuwa ni wakfu kwa mtaa wetu hapa mjini Singida: isiuzwe, isikodishwe, wala asinyimwe mwenye shughuli. Tangu hapo imepika akika, walima, futari na misiba isiyohesabika. Majirani zetu Wakristo nao huiazima, na mama hakuweka sharti la kuwazuia.

Mwezi wa nane hapa kwetu ni mwezi wa upepo. Asiyeifahamu Singida hudhani tunatia chumvi, lakini upepo huo hubeba vumbi, hubeba nguo kambani, na hugeuza moto wa kuni uelekee unakotaka wenyewe. Jirani alikuwa na khitma ya mzee wake, sufuria ikatoka kwetu mchana wa Ijumaa. Kwa desturi hurudi kesho yake ikiwa imeoshwa. Jumamosi haikurudi. Jumapili haikurudi. Jumatatu asubuhi alibisha hodi mkamwana wa nyumba ile, binti aliyeolewa kutoka Iramba na ambaye hajamaliza mwaka hapa mtaani. Mkono mmoja alishika kuku wawili wa kienyeji waliofungwa miguu.

"Shikamoo mama," alimwambia dada yetu mkubwa.

"Marahaba mwanangu. Na kuku hawa?"

Hakujibu. Alipiga magoti, akalia.

Sufuria ililetwa na vijana muda mfupi baadaye. Ndani, upande mmoja, palikuwa na ukoko mweusi wenye umbo la mwezi mwandamo, mgumu kama lami. Upande wa pili ulikuwa mweupe kabisa. Kwa mpishi alama hiyo ni ushahidi tosha: upepo ulikuwa umeulaza moto upande mmoja wa mafiga, wali wa huku ukaungua wakati wa kule ungali mbichi. Binti hakuwa amelala wala kupiga soga. Lakini kwa hofu ya mkwewe, na ya sisi, aliificha sufuria nyuma ya banda la mbuzi kwa siku tatu, juani, na ukoko ambao Ijumaa jioni ungetoka kwa maji ya moto ukawa umekauka na kushikamana na madini.

Hapo nyumba yetu iligawanyika. Kaka yetu alisema amana ni amana, na kuku wapokewe. Dada alisema kuku wa mkamwana ndio mtaji wake wote, na kuwachukua ni kumvua nguo. Tukamwendea ustadhi wa madrasa ya mtaa. Alitukumbusha kwanza kisa alichokisimulia Anas, cha bakuli la chakula lililovunjika katika nyumba ya Mtume (s.a.w.) kwa wivu wa mmoja wa wakeze: Mtume alikusanya vipande na chakula kwa mikono yake, kisha akampelekea aliyevunjiwa bakuli zima badala ya lililovunjika. Basi fidia ipo katika dini, wala si ukatili kuidai. Lakini, akaendelea, katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, kitu cha kuazima kikichakaa kwa kutumika kazi ile ile kilichoazimiwa, hakilipwi. Kaka akasema kuungua si kuchakaa. Ustadhi akacheka. "Mbona mnagawa mirathi na maiti hajafa? Kaisafisheni kwanza."

Kuku wakabaki uani kusubiri hukumu.

Dada mdogo alikimbilia magadi. Tulimzuia, na tunalieleza hili kwa urefu kwa kuwa sufuria nyingi huharibiwa na dawa kuliko na moto. Magadi, na maji ya majivu, hula alumini na kuiacha nyeusi. Kwa chungu cha udongo au kikaango cha chuma hayana neno. Kwa alumini, tiba ni uchachu. Singida yetu haina shida ya ukwaju. Tuliuroweka kiasi cha kujaza bakuli kubwa, tukaumimina pamoja na maji hadi kuufunika ukoko, tukachemsha kwa moto mdogo muda wa saa nzima, kisha tukaacha vilale usiku kucha. Kisu hakikuguswa, kwa maana kinachimba mitaro ambamo wali wa kesho utaanza kushika. Asubuhi binti alikuja mwenyewe bila kuitwa, akachukua mwiko wa mti na kuanza kukwangua. Ukoko ulitoka vipande vipande, kama gome. Tukachemsha tena, tukakwangua tena, na yaliyobaki yakasuguliwa kwa gunzi la hindi na chumvi. Masizi ya nje hayakutusumbua: mchanga laini na dodoki vilitosha.

Tuliogopa zaidi kitako. Alumini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi, na moto unaopulizwa huweza kulifikia. Ndiyo maana sufuria iliyokaukiwa maji jikoni hutoboka ghafla. Tuliijaza maji, tukaiweka juu ya karatasi kavu, tukangoja kutoka adhuhuri hadi alasiri. Karatasi haikulowa. Binti alikuwa ameinama akiitazama kwa muda wote huo, na ilipotolewa ikiwa kavu aliibusu.

Katika siku hizo mbili kuku mmoja alitaga. Kaka, ambaye hupenda mambo ya sheria kuliko sheria zinavyompenda yeye, alikwenda tena kwa ustadhi kuuliza yai ni la nani. Jibu lilikuwa fupi: kuku ni wa binti, na yai ni la binti. Alirudishiwa vyote jioni ile, na mkwewe, aliyekuja kumchukua, alizijua habari zote kwa mara ya kwanza akiwa amekaa mkekani kwetu na kikombe cha chai mkononi. Alinyamaza kitambo. Kisha alisema kwamba yeye naye, mwaka aliopokelewa mtaani hapa, alipoteza mfuniko wa sufuria hiyo hiyo, na marehemu mama yetu hakuwahi kumwuliza. Nasi miaka yote tulikuwa tukijiuliza kwa nini mfuniko haufanani na sufuria.

Alama ya mwezi mwandamo imebaki, ya kahawia iliyofifia, na haidhuru chakula. Juma lililofuata palikuwa na akika mtaa wa pili. Walipokuja kuichukua, binti yule ndiye aliyewaonyesha jinsi ya kupaka udongo mwororo nje ya kitako ili masizi yasishike, na jinsi ya kuzungushia mafiga bati upande upepo unakotokea. Bati lenyewe alilitoa kwao. Hivi sasa hukaa ndani ya sufuria, na aiazimaye huondoka navyo vyote viwili.