Tulipompeleka Simba Diani

Shule zilipofungwa, watoto wetu walituomba jambo moja tu: twende Diani, na Simba aende pia. Simba ni mbwa wetu. Marehemu baba yao alimleta nyumbani akiwa mdogo wa kuenea kwenye kofia, na tangu tulipomzika baba, watoto hawapendi kumwacha mbwa huyu nyuma. Sasa ana miaka kumi na miguu ya nyuma imeanza kumlemea. Tulijua huenda hiyo ndiyo safari yake ya mwisho baharini.

Tulivuka Likoni kwa feri, Simba akiwa amejikunja kati ya viti vya gari, kisha tukashika barabara ya kusini kiasi cha kilomita 30. Hapo shida ikaanza. Ufuo ni wa watu wote, lakini njia nyingi za kuufikia zinapita katika viwanja vya hoteli. Mlinzi wa kwanza alitikisa kichwa hata kabla hatujashuka. Wa pili alisema wageni hawapendi mbwa. Mwishowe tukapata kichochoro cha wavuvi, tukamfungua Simba kamba mara tu tulipokanyaga mchanga.

Hilo lilikuwa kosa letu. Alimkimbilia mzee mmoja aliyekuwa ametoka kutawadha kwa sala ya adhuhuri, akamlamba mkono na pindo la kanzu. Kwetu mate ya mbwa hufutwa kwa kitambaa, basi. Lakini Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao mahali palipolambwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo.

"Shikamoo mzee, tusamehe," tulisema kwa haya.

"Marahaba. Kosa si la mnyama, mama. Kamba si hiyo mkononi mwako?"

Hatukuwa na jibu. Maji tuliyomletea Simba kwenye dumu, kijana wetu mkubwa alimmiminia mzee mpaka akamaliza kujiosha mara zote saba. Baadaye mzee alitukuta kivulini akatuelekeza mwenyewe. Tusiende kaskazini kwenye msikiti wa kale wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, kwa kuwa watu huswali pale hadi leo. Tusikaribie ngalawa zinapoteremsha samaki. Twende upande wa kusini, asubuhi mapema, watu wakisha kuswali alfajiri na maji yakiwa yanapwa.

Ushauri wake ulikuwa na faida ambazo hakuzitaja. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi, basi alfajiri mchanga mgumu unaanza kuonekana na bado ni baridi. Mchana huunguza nyayo za mbwa. Weka kiganja chako chini, na kama huwezi kukivumilia, naye hawezi. Beba maji baridi ya kutosha, maana mbwa akinywa ya chumvi ataharisha.

Kamba isitoke shingoni. Kasa hutaga kwenye fuo hizi, mayai mia moja au zaidi katika shimo moja, nayo hukaa ardhini karibu miezi miwili. Mbwa huyafukua upesi sana. Miti ya Diani nayo ina mbega, na mbega akishuka chini hana ujanja mbele ya mbwa. Tena hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati. Ugonjwa huo ukishaanza kuonekana kwa mtu, karibu kila mara huua. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kesho yake saa kumi na mbili tulikuwa mchangani. Simba alitembea polepole, kamba mkononi mwa kitinda mimba wetu. Alipofika majini aliingia hadi kifuani akasimama, macho amefumba, mawimbi madogo yakimbeba uzito wa miguu. Mtoto naye akasimama papo hapo, gauni limelowa. Mzee alipita kwa mbali akielekea kwenye nyavu zake, akainua mkono. Tulikaa mpaka jua likawa kali.