Feni Ikinguruma, Usikimbilie Dukani

Ikiwa una kipakatalishi cha mtumba nyumbani, huenda umewahi kukisikia kikinguruma kama kinu cha posho, kikichoma mapaja, kisha kikazimika ghafla bila kuaga.

Chetu ni ThinkPad iliyotumika Uingereza kabla ya kufika kwetu. Tuliiwekea Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds kule Finland mwaka wa 1991, kwa kuwa hauna ada na hauitesi mashine kuukuu. Binti yangu aliandikia humo tasnifu yake ya chuo kikuu. Juma la mwisho kabla ya kuiwasilisha, mashine ikawa inajizima kila baada ya nusu saa. Fundi mmoja hakufungua hata skrubu. Aliitazama tu akanena, "Mama, hii imekwisha. Nunua mpya." Mpya kwa pesa zipi, na karo yenyewe ilikuwa bado haijaisha?

Jambo la kwanza ni kupima. Weka programu ya lm-sensors, uandike sensors, nayo itakusomea joto pamoja na mizunguko ya feni kwa dakika. Yetu ilisoma nyuzi 97, na mizunguko zaidi ya 4,000, ilhali haikuwa na kazi yoyote ya maana. Nikaandika top, nione kama kuna programu inayoila mashine kwa siri. Hakuna.

Vijana watakushauri uitawale feni kwa amri. Katika ThinkPad inawezekana, kupitia moduli ya thinkpad_acpi, lakini hukatazwa mpaka uiwekee fan_control=1. Waliofunga mlango huo walikuwa na sababu: ukiteremsha kasi ya feni, kisha programu inayoisimamia ikafa, feni yaweza kubaki hapo hapo huku joto likipanda. (Ipo kinga ya kuirudisha, lakini sharti uiweke mwenyewe, na muda wake haupiti sekunde 120.) Isitoshe, feni iliyokwisha kuzunguka kwa nguvu zake zote utaiamuru nini zaidi? Ilikuwa ikisukuma hewa isiyokuwa na pa kupitia.

Tulinakili tasnifu kwenye flashi, tukazima mashine, tukaondoa betri na kuifungua. Kati ya feni na mapezi ya kupozea palikuwa na vumbi lililoshikamana kama kipande cha blanketi. Tuliliondoa kwa brashi laini, tukiwa tumezuia feni kwa kidole isizunguke. Dawa ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali. Tukaipangusa kwa spiriti na kutia mpya, kiasi cha punje ya dengu. Joto likashuka hadi nyuzi 52, na tasnifu ikafika kwa wakati.

Yako ikisoma mizunguko sifuri huku joto limepita nyuzi 80, vumbi si mshukiwa wa kwanza. Rudisha feni katika hali ya auto, uzime, kisha uwashe. Ikikataa bado, imekufa. Tafuta nyingine ya modeli hiyo hiyo kwa wauzaji wa vipuri vya mitumba.